Plagi Kuingia Si Umeme Kukubali: Kutumia Vifaa vya Umeme Katika Nchi Yenye Volti Tofauti

Mashine ile ya kunyolea nywele ilikuwa imetunzwa vizuri, ingali ndani ya boksi lake, na mwenye nayo alikuwa ameshanunua adapta ya kuiwezesha plagi yake ya pini mbili bapa kuingia kwenye soketi ya ukutani. Alipoiwasha, haikuvuma kwa sauti yake ya kawaida, bali ilinguruma na kugongagonga kama kitu kilicholegea ndani, na kabla sijamaliza kumwambia aichomoe, harufu ya vanishi inayoungua ilikuwa imekwisha kujaa chumbani. Tulipoifungua, koili ya waya wa shaba ambayo kwa kawaida hung'aa kwa rangi ya hudhurungi ilikuwa nyeusi tii upande mzima. Ubavuni mwa mashine, kwa herufi ndogo zilizochongwa kwenye plastiki, kulikuwa na maandishi 120V 60Hz. Soketi ilikuwa ya volti 230.

Kosa hilo halikutokana na uzembe. Mwenye mashine alijiandaa. Alijua kwamba soketi za nchi aliyomo hazifanani na za kule mashine ilikonunuliwa, akatafuta cha kuondoa tofauti hiyo na akakipata. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba tofauti aliyoiona kwa macho ndiyo ndogo kuliko zote. Kifaa cha umeme kinapovuka mpaka huulizwa maswali matatu yasiyofanana: je, plagi yake itaingia, je, kimetengenezwa kwa volti za huko, na je, kitastahimili idadi ya mizunguko ya umeme wa huko kwa sekunde, yaani frikwensi yake. Adapta hujibu swali la kwanza peke yake. Hubadilisha umbo la pini na kuupitisha umeme jinsi ulivyo, bila kuupunguza wala kuuongeza hata volti moja.

Umbo la plagi halisemi ukweli wote

Plagi na soketi zinazotumika duniani zimepangwa kwa herufi za Kilatini kuanzia A hadi O, na msafiri hahitaji kuzikariri. Akijua herufi ya nchi aendako, atapata adapta inayofaa. Linalostahili kukumbukwa ni kwamba umbo la soketi si ushahidi wa volti zilizomo. Soketi ya aina A, ile ya matundu mawili bapa, hutumika Marekani kwa volti 120 na Japani kwa volti 100, lakini Ufilipino soketi ya umbo hilohilo hutoa volti zaidi ya 200. Mtu anayetoka Marekani na kufika Manila ataona plagi yake ikiingia bila adapta yoyote, na hapo ndipo hatari ilipo, maana hata ule usumbufu mdogo wa kutafuta adapta, ambao ungemfanya asite na kufikiri, haupo.

Brazili ni mfano mzito zaidi. Nchi hiyo ina soketi rasmi ya aina moja, aina N, lakini volti zake hutegemea mahali: Rio de Janeiro hutumia 127, na Brasília hutumia 220. Wenyeji wenyewe wanapohama kutoka mji mmoja kwenda mwingine hulazimika kuangalia vifaa vyao upya, ilhali plagi na soketi zinafanana kabisa. Kwa hiyo jina la nchi pekee halitoshi kila mara. Ukishafika, uliza mahali penyewe.

Kwa nini dunia ina makundi mawili

Mwaka 1882 kituo cha umeme cha Thomas Edison kwenye mtaa wa Pearl, New York, kilianza kuwauzia watu umeme wa mkondo mnyoofu, yaani unaokwenda upande mmoja tu, wa takribani volti 110, kiasi kilichozifaa taa za wakati huo zilizokuwa na uzi wa kaboni. Umeme wa mkondo geu, yaani unaobadili mwelekeo wake tena na tena, ulipokuja kushinda, taa na vifaa vya volti za kadiri ile vilikuwa tayari majumbani, na kubadili kila kitu kungegharimu mno. Ndiyo maana Amerika ya Kaskazini imebaki karibu na 120 hadi leo. Huko Ulaya kampuni ya umeme ya Berlin iliamua mwaka 1899 kuhamia volti 220, na sababu yake ni ya kihesabu: ukiongeza volti mara mbili, mkondo unaohitajika kupeleka nguvu ileile hupungua kwa nusu, na joto linalopotea njiani kwenye waya uleule hushuka hadi robo. Waya mwembamba zaidi hutosha, na shaba huokolewa kwa wingi. Nchi nyingi zilizojenga mitandao yao baadaye zilifuata njia hiyo, na leo sehemu kubwa ya Afrika, Asia na Ulaya imo katika kundi la 220 hadi 240.

Tunayo basi makundi mawili: la chini, kati ya volti 100 na 127, na la juu, kati ya 220 na 240. Ndani ya kundi la juu tofauti ni ndogo kiasi kwamba mtumiaji wa kawaida hana haja ya kusumbuka. Uingereza ilikuwa na 240 na nchi za bara la Ulaya 220, zikakubaliana kuita kiwango chao 230, na tangu mwaka 1995 kanuni za Uingereza zimeruhusu umeme wa nyumbani uwe popote kati ya volti 216 na 253. Kifaa kilichoandikwa 220V hufanya kazi kwenye 240, ingawa kama ni cha joto kitakuwa kikali kwa karibu asilimia 19.

Kundi la chini linahitaji uangalifu zaidi, na hapa hata watu wazoefu hukosea. Kati ya 100 ya Japani na 120 ya Marekani pengo laonekana dogo, na plagi zinaingiliana, kwa hiyo wengi hudhani kwamba vifaa vya nchi hizo mbili ni kitu kimoja. Lakini kifaa cha joto cha Japani kikichomekwa Marekani hutoa joto zaidi kwa asilimia 44. Kinaweza kufanya kazi kwa muda, halafu kikafa polepole, na mwenye nacho akadhani kilikuwa kibovu tangu kiwandani.

Mara mbili ya volti, mara nne ya joto

Asilimia hizo zinatoka kwenye kanuni moja ambayo ndiyo moyo wa suala hili lote. Volti ni msukumo unaoulazimisha mkondo kupita kwenye kifaa, na kifaa nacho kina ukinzani wake, yaani kiasi ambacho kinauzuia mkondo huo. Koili ya joto iliyomo kwenye pasi, kwenye birika la umeme au kwenye mashine ya kukaushia nywele ina ukinzani ambao haubadiliki sana hata volti zikibadilika. Ukiongeza msukumo mara mbili, mkondo nao huongezeka mara mbili. Na kwa kuwa nguvu ni volti zikizidishwa kwa mkondo, nguvu huongezeka mara nne.

Chukua mashine ya kukaushia nywele ya wati 1,500 iliyotengenezwa kwa volti 120. Mkondo wake wa kawaida ni ampia 12.5, na ukinzani wa koili yake ni omu 9.6. Ichomeke kwenye volti 240 na mkondo utaruka hadi ampia 25, na nguvu hadi wati 6,000, zote zikitoka kwenye waya mwembamba uliozungushwa ndani ya bomba la plastiki linaloshikwa mkononi karibu na kichwa cha mtu. Bahati ikiwa nzuri, fyuzi itakatika au sakitibreka, ile swichi ya kinga inayokata umeme mkondo unapozidi, itaanguka mara moja. Ikiwa mbaya, koili itawaka nyekundu na plastiki itayeyuka kabla ya kinga yoyote kuchukua hatua.

Upande wa pili ni wa kukatisha tamaa kuliko kutisha. Birika la wati 2,000 lililotengenezwa kwa volti 230, likichomekwa kwenye volti 120, hutoa wati 544 tu, kidogo zaidi ya robo. Lita moja ya maji ambayo ingechemka kwa muda wa kama dakika tatu itahitaji zaidi ya dakika kumi. Hakuna kinachoungua, ila watu wengi hapo hudhani birika limeharibika na kulitupa.

Vifaa vya elektroniki vya kisasa haviko chini ya kanuni hiyo kwa namna ileile, na ndiyo sababu mtu anaweza kusafiri dunia nzima na simu yake bila kupata shida hata siku moja, kisha akaunguza pasi siku ya kwanza. Chaja ya simu au ya kompyuta mpakato haiupeleki umeme wa ukutani moja kwa moja kwenye betri. Kwanza huugeuza kuwa mkondo mnyoofu, kisha swichi ndogo za kielektroniki huukata vipande vipande maelfu mengi ya mara kwa sekunde, na saketi ya udhibiti hupima kinachotoka na kurekebisha ukataji huo ili volti za upande wa betri zibaki zilezile. Ukiichomeka kwenye volti 100 huchota mkondo mkubwa zaidi, na ukiichomeka kwenye 240 huchota mdogo. Kwa kifaa cha namna hiyo adapta ya plagi inatosha kabisa, na kukinunulia transfoma ni kutupa fedha.

Kusoma kibandiko

Yote yanayohitajika kujulikana yamo kwenye kibandiko kilichoko chini au nyuma ya kifaa, au kwenye chaja yenyewe. Tatizo ni kwamba maandishi ni madogo na yamebanana, na macho ya mtu hukimbilia tarakimu isiyo sahihi. Chaja ya kompyuta mpakato, kwa mfano, inaweza kuwa na mistari miwili: wa kwanza unasema INPUT: 100–240V ~ 50/60Hz 1.5A, na wa pili OUTPUT: 20V 3.25A. Nimewahi kuulizwa zaidi ya mara moja na watu wenye wasiwasi wa kweli kama chaja ya volti 20 haitalipuka kwenye soketi ya volti 230. Volti hizo 20 ndizo zinazotoka kwenda kwenye kompyuta; zinazoingia kutoka ukutani zimeandikwa kwenye mstari wa INPUT, na ni huo pekee unaohusu safari. Alama ya wimbi dogo iliyo kando ya V inamaanisha mkondo geu, yaani umeme wa ukutani.

Palipoandikwa 100–240V, kifaa kinakubali volti zote za makundi yote mawili na chenyewe hujirekebisha. Palipoandikwa 120V peke yake, au 220–240V peke yake, kifaa ni cha kundi moja tu, na hilo ni katazo, hata muuzaji aseme nini. Kuna pia uandishi wa tatu unaowaponza wengi: 115/230V, wenye mkwaju katikati badala ya kistari. Mara nyingi huo humaanisha kwamba kifaa kinaweza kutumia volti zote mbili lakini si chenyewe kinachochagua. Kuna swichi ndogo mahali fulani, ambayo huzungushwa kwa sarafu au kusukumwa kwa ncha ya bisibisi. Mashine nyingi za kukaushia nywele za safarini zina swichi hiyo kwenye mpini, na kompyuta za mezani za miaka ya nyuma huwa nayo mgongoni, aghalabu nyekundu. Ikiachwa kwenye 115 ilhali soketi ni ya 230, matokeo ni yaleyale ya mashine ya kunyolea niliyoieleza. Izungushe kabla ya kuchomeka, si baada, na unaporudi irudishe.

Usiamini aina ya kifaa bila kusoma kibandiko chake. Televisheni nyingi hukubali 100 hadi 240, lakini zipo zilizotengenezwa kwa soko moja tu. Amplifaya na redio kubwa zenye transfoma ndani, mashine za kushonea, na vifaa vya michezo ya video vya zamani mara nyingi ni vya volti moja. Vifaa vya tiba navyo visichukuliwe kwa mazoea: mashine nyingi za kusaidia kupumua usingizini hukubali volti zote, lakini mashine za kugeuza dawa kuwa mvuke kwa wagonjwa wa pumu mara nyingi huwa na mota ya volti moja na frikwensi moja. Kwa mgonjwa, kifaa kuungua usiku wa kwanza wa safari ni jambo la uhai, kwa hiyo kibandiko hicho kisomwe wiki kadhaa kabla, na mtengenezaji aulizwe kama kuna shaka yoyote.

Transfoma, na kile kinachouzwa kama badala yake

Kifaa kikiwa cha volti moja na kuna ulazima wa kukitumia, kinahitaji transfoma. Transfoma ni chuma kilichozungushiwa nyaya za shaba, na hupandisha au kushusha volti kwa uwiano wa mizunguko ya nyaya hizo. Umeme unaotoka una umbo lilelile la wimbi kama ulioingia, ila ni mkubwa au mdogo zaidi. Ni kifaa cha kuaminika, na kasoro yake ni uzito. Transfoma ya kuhimili wati mia moja inabebeka mfukoni mwa begi, lakini ya kuhimili wati 3,000 ni mzigo wa kubebwa kwa mikono miwili. Uwezo wake lazima uzidi mahitaji ya kifaa, walau kwa robo, na kwa kifaa chenye mota ya kuanza kwa nguvu, kama friji, uzidi mara kadhaa, kwa sababu mota huvuta mkondo mkubwa sana pale inapoanza kuzunguka. Tena transfoma iliyochomekwa huendelea kula umeme kidogo na kupata uvuguvugu hata kama hakuna kinachotumika, kwa hiyo ichomolewe.

Madukani, hasa katika viwanja vya ndege, kuna kifaa kingine kidogo na chepesi kinachodai kuhimili wati 1,500 au zaidi. Hicho si transfoma. Ni saketi ya kielektroniki inayokata sehemu kubwa ya kila wimbi na kuacha kipande tu kipite, hivi kwamba joto linalotolewa kwenye koili linakuwa sawa na la volti 120. Koili ya joto haijali umbo la wimbi, kwa hiyo pasi ndogo ya nguo inaweza kutumia kifaa hicho kwa muda mfupi. Lakini kipande kile kinachopita bado kina kilele cha karibu volti 300, wakati umeme halisi wa volti 120 una kilele cha 170 tu. Chochote chenye elektroniki ndani, hata kama ni pasi yenye kioo cha kuonyesha joto au mashine ya nywele yenye vitufe vya kidijitali, kinaweza kufa hapohapo. Binafsi sioni sababu ya msafiri wa kawaida kununua kifaa hicho. Wanaokihitaji ni wenye vifaa vya joto, na kifaa cha joto kinachofaa kwa volti za huko aghalabu hupatikana hukohuko, au hununuliwa cha volti mbili, kwa usumbufu mdogo kuliko huo.

Kuna kizuizi kingine ambacho maelezo mengi hukisahau, nacho ni uwezo wa soketi yenyewe. Soketi ya kawaida ya Marekani ni ya ampia 15, ambazo kwa volti 120 ni wati 1,800 kwa ukomo. Ya Japani, ampia 15 kwa volti 100, ni wati 1,500. Soketi ya Uingereza yenye fyuzi ya ampia 13 hutoa karibu wati 3,000. Mtu anayehamia Marekani na birika lake la wati 2,000 na kununua transfoma kubwa ya kupandisha volti atakuta kwamba birika linahitaji karibu ampia 17 kutoka ukutani, na sakitibreka inaanguka kila anapochemsha maji. Hakuna transfoma inayoweza kuondoa kizuizi hicho, kwa sababu transfoma haizalishi nguvu. Hutoa ile iliyoipokea, na kupoteza kidogo njiani.

Mizunguko 50 na mizunguko 60

Umeme wa mkondo geu hubadili mwelekeo wake na kurudi mara 50 kwa sekunde katika sehemu kubwa ya dunia, na mara 60 katika Amerika ya Kaskazini na nchi nyingine kadhaa. Frikwensi haiendi sambamba na volti kila mara: Korea Kusini hutumia volti 220 kwa mizunguko 60. Japani ina zote mbili ndani ya nchi moja, kwa sababu mwishoni mwa karne ya 19 Tokyo iliagiza mitambo yake Ujerumani, iliyokuwa ya mizunguko 50, na Osaka ikaagiza yake Marekani, ya mizunguko 60. Mpaka wa pande hizo unapita karibu na mto Fuji, na tetemeko la mwaka 2011 lilipozima vituo vya mashariki, magharibi haikuweza kupeleka huko umeme wa kutosha, kwa kuwa mitambo ya kubadilisha frikwensi ilikuwa na uwezo mdogo.

Transfoma ya kawaida haigusi frikwensi. Umeme wa mizunguko 50 ukiingia, wa mizunguko 50 ndio utakaotoka. Kwa chaja na kwa koili za joto hilo si kitu, na hata mota zenye kaboni za kusugua, kama za blenda na za drili, hazijali. Wenye kujali ni vifaa ambavyo mota zake hufuata mwendo wa umeme wenyewe. Saa ya ukutani ya umeme iliyotengenezwa kwa mizunguko 60, ikipelekwa kwenye 50, itatembea dakika 50 kwa kila saa, na hata volti zikiwa sahihi kabisa itaendelea kuchelewa. Feni hupunguza kasi. Mbaya zaidi, mota na transfoma za ndani zilizopimwa kwa mizunguko 60 tu, zikipewa volti zilezile kwa mizunguko 50, hubeba usumaku wa ziada wa asilimia 20 kwenye chuma chake, na chuma kikishashiba usumaku, koili huvuta mkondo mwingi na kupata moto. Hivyo friji na maikrowevu zenye transfoma nzito zisihamishwe kutoka mizunguko 60 kwenda 50 isipokuwa kibandiko kinaruhusu yote mawili. Mwelekeo wa kinyume, kutoka 50 kwenda 60, huwa mpole zaidi, ingawa mota itakimbia kuliko ilivyokusudiwa.

Ethi, na ekstensheni iliyosahaulika

Plagi yenye pini tatu ina pini ya ethi, nayo ipo ili waya wa moto ukigusa ganda la chuma la kifaa, umeme uende ardhini na kinga zikate, badala ya kumsubiri mtu aguse. Adapta nyingi za bei nafuu huipokea plagi ya pini tatu na kutoa pini mbili. Kifaa kitawaka na kufanya kazi vizuri, na ethi itakuwa haipo. Kifaa chenye alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa kina kinga mbili za kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, na hakihitaji ethi, na hapo adapta ya pini mbili haina neno; lakini pasi, birika la chuma au chombo chochote chenye ganda la chuma kisichomekwe hivyo.

Nimeiacha ekstensheni mwishoni makusudi, kwa sababu ndiyo inayowakamata hata waliosoma vibandiko vyote. Mtu husafiri na ekstensheni ya soketi sita kutoka nchi ya volti 120, akiwaza kwamba atahitaji adapta moja tu na chaja zake zote zitachomekwa humo. Waya na soketi zenyewe huenda zikahimili. Lakini ikiwa ekstensheni hiyo ina kinga ya umeme wa ghafla, ndani yake kuna vidonge vidogo vya kauri, mara nyingi vyenye umbo la sarafu, vilivyopimwa kuanza kupitisha umeme pindi volti zinapozidi kiwango cha nchi ile. Kwa vidonge hivyo, volti 230 ni dharura isiyokwisha. Hupata moto mara moja, hupasuka, na vinaweza kuwasha plastiki inayovizunguka. Ekstensheni ya safarini iwe ya kawaida isiyo na kinga hiyo, au iwe imeandikwa kwamba inafaa kwa volti 250.

Kosa likishatokea

Kifaa kikichomekwa mahali pasipo pake na kikatoa sauti, moshi au harufu, chomoa, au zima kwenye sakitibreka ikiwa plagi yenyewe ina moto, na usijaribu tena kuona kama kimepona. Jaribio la pili ndilo linalogeuza hitilafu ndogo kuwa kubwa. Kifaa cha elektroniki kilichokufa ghafla bila moshi mwingi kina matumaini: mara nyingi fyuzi ya ndani na kidonge cha kinga kama kile cha ekstensheni vimejitoa mhanga, na fundi anaweza kuvibadilisha saketi nyingine ikiwa nzima. Kilichokuwa na koili na kikatoa harufu ya vanishi kwa kawaida hakifai tena, kwa sababu ile vanishi ndiyo iliyokuwa ikitenganisha nyuzi za shaba, na ikishaungua nyuzi hugusana.

Kifaa cha volti 230 kilichochomekwa kwenye 120 kwa kawaida hakidhuriki, isipokuwa kile chenye mota inayotakiwa kuanza na mzigo. Friji ni mfano ulio wazi: kompresa hujaribu kuanza, hushindwa, huvuma kwa sekunde chache, kisha kinga yake hukata kwa mlio mdogo wa "tiki", na baada ya dakika chache hujaribu tena. Ukisikia mzunguko huo unajirudia, usiuache uendelee usiku kucha. Kila jaribio linaipasha mota moto bila kuizungusha, na kinga ile haikuundwa kurudia kazi hiyo mamia ya mara.